Adhabu Zinapungua, "Akiona" Anabaki

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na nakala ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 kwenye droo ya meza yake. Ilikuwa imechakaa sehemu moja tu, ukurasa wenye kifungu cha 25. Usiku wa kufunga gazeti, tukiwa na habari nzito mkononi, alikuwa anaitoa, anausoma ule ukurasa tena taratibu, kisha anairudisha bila kusema neno. Sheria ilikuwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa sheria zetu wakati huo, lakini sisi vijana wa mazoezi alitufasiria kwa maneno mawili: "Waziri akiona."

Na kweli ndivyo kilivyosema. Waziri akiona kwamba ni kwa maslahi ya umma, au kwa ajili ya amani na utulivu, anaweza kuamuru kupitia Gazeti la Serikali kwamba gazeti fulani likome kuchapishwa. Hapatakiwi kosa kuthibitishwa, hapana hakimu, na mhariri si lazima aitwe kujieleza. Kuona kwake kunatosha.

Tangu hapo sheria ile imefutwa, ikaja nyingine, nayo ikarekebishwa. Kila mara tulitangaziwa kwamba tumesonga mbele, na mara nyingine ilikuwa kweli. Ila mimi nina tabia niliyoirithi kwa yule mzee. Muswada wa habari ukiingia bungeni, sianzi kwa kutazama faini imeshuka kiasi gani wala kifungo kimepungua miaka mingapi. Natafuta "akiona" kahamia kifungu gani.

Hakuzaliwa mwaka 1976. Waingereza walitutungia sheria yao ya magazeti mwaka 1928, wakati Tanganyika iko chini ya udhamini wao, na pamoja nayo wakaleta makosa mawili waliyoyazoea kwao: uchochezi na kashfa ya jinai. Mwaka 1958 kosa hilo la pili lilimkuta Julius Nyerere mwenyewe. Alikuwa amewakosoa maofisa wa wilaya wa kikoloni katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama. Akashtakiwa, akatiwa hatiani, akaambiwa alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa.

Kwa mtu aliyeonja dawa ile, ningetegemea nchi huru iimwage yote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1976, Nyerere akiwa Rais, Bunge lilifuta sheria ya mkoloni na kupitisha ya kwetu, na ndani yake uchochezi ukawemo, kashfa ya jinai ikawemo, na kifungu cha 25 kikawemo. Sisemi hili kumvunjia Mwalimu heshima. Nalisema kwa sababu linaonyesha jinsi sheria za namna hii zinavyoishi: aliyeumizwa nazo, akishakaa upande wa pili wa meza, anaona sababu za kuzihitaji. Na sababu huwa hazikosekani. Kuna vita, kuna njaa, kuna mabeberu, kuna umoja wa taifa changa.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba mwaka 1976 sheria ile haikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Gazeti la Standard lilikuwa limeshataifishwa mwaka 1970, na miaka miwili baadaye likawa Daily News. Uhuru na Mzalendo yalikuwa ya chama. Ukitoa machapisho ya dini na machache mengine, Waziri angemfungia nani? Kifungu kikalala. Kiliamka miaka ya tisini mwanzoni, vyama vingi viliporudi na magazeti binafsi yakachipua kama uyoga baada ya mvua. Magazeti yalikuwa mageni, sheria ilikuwa imekwishakaa miaka kumi na kitu ikiyasubiri.

Tume ya Jaji Nyalali ililiona hilo. Iliteuliwa mwaka 1991 kuangalia suala la mfumo wa vyama, ikarudi na orodha ya sheria 40 ilizoziita kandamizi, zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya Magazeti ilikuwa mojawapo. Nchi ilichukua vyama vingi, orodha ikaiweka kabatini. (Nazungumzia Bara, Zanzibar ina sheria yake ya magazeti, ya mwaka 1988, na hadithi yake inastahili makala nyingine.)

Ili uone "akiona" anagharimu nini, chukua MwanaHalisi. Lilikuwa gazeti la kila wiki. Julai 2012 lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Wenyewe wakaenda mahakamani, na Septemba 2015 Mahakama Kuu ikasema amri ile haikuwa halali. Wengi tulishangilia hukumu. Lakini hebu hesabu. Kuanzia Julai 2012 hadi Septemba 2015 ni zaidi ya matoleo 150 ambayo hayakutoka. Hayo hakuna jaji anayeweza kuyarudisha. Waandishi walishatawanyika kutafuta riziki, wauza magazeti wameshaizoea nafasi ile mezani ikiwa na jina jingine, na Watanzania walishapitia mchakato mzima wa Katiba Mpya bila kusoma gazeti hilo. Amri inaandikwa kwa siku moja. Kuipinga kulichukua miaka mitatu. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba anayeonewa ana haki ya kwenda mahakamani, kana kwamba hilo linasawazisha mambo. Halisawazishi. Anayefungia anapata anachokitaka siku ile ile, na anayefungiwa akishinda anapata karatasi.

Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Tuliisubiri kwa miaka, tukashiriki vikao, tukatoa mapendekezo. Kile kifungu cha 25 kiliondoka pamoja na sheria yake. Nikafanya kama mzee, nikaanza kupekua. Sikupata taabu. Kifungu cha 59 kilimpa Waziri mamlaka ya kuzuia maudhui yanayohatarisha usalama wa taifa au wa umma. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye jambo lililoonekana la kiofisi tu: leseni. Zamani gazeti lilisajiliwa, basi. Sasa linaomba leseni, na leseni ni ya mwaka mmoja. Agosti 2017 magazeti yote yakaambiwa yaombe upya, hata yale yaliyokuwa mtaani kwa miongo. Na anayetoa leseni, anayeisimamisha na anayeifuta ni Mkurugenzi wa Idara ya Habari, Maelezo.

Ufunguo ulishuka ngazi moja, kutoka kwa mwanasiasa anayejibu maswali bungeni hadi kwa mtumishi anayeteuliwa. Mwaka 2017 peke yake Mawio lilifungiwa miezi 24, MwanaHalisi miezi 24, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90. Mwaka 2020 Tanzania Daima likafutiwa leseni kabisa. Na kwa anayedhani haya ni ya magazeti ya upinzani tu, Agosti 2021 lilisimamishwa Uhuru, siku 14, kwa habari iliyomhusu Rais na uchaguzi wa 2025. Uhuru, gazeti la chama tawala. Siku ile niliwaza kwamba huenda sasa wakubwa wataelewa. Mamlaka ya namna hii hayana kadi ya chama. Yanamfuata aliyekasirisha siku hiyo.

Mtandaoni njia ilikuwa nyingine, na hapa nazungumza kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilikuwa na blogu. Haikuwa na matangazo, haikuniingizia hata senti. Niliandika juu ya vitabu, mahakama na Kiswahili, usiku baada ya kazi. Mwaka 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwenye blogu alipe 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, kisha 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiyekuwa na leseni, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Nikaifungua fomu. Inataka wanahisa. Inataka mtaji, uraia wa wamiliki, sifa za wafanyakazi na mpango wa kuwafunza, cheti cha kutodaiwa kodi. Nikabaki natazama pale pa wanahisa. Mwanahisa wa blogu yangu ni nani? Mke wangu, aliyekuwa ananisomea makosa ya tahajia?

Niliifunga. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyenitisha, hakuna amri iliyotangazwa yenye jina langu. Ndiyo sababu naona ile ilikuwa hatua ya werevu kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1976 kulihitajika Waziri aone. Mwaka 2018 mtu mwenyewe alipiga hesabu akajifungia. Hata jukwaa kubwa kama JamiiForums lilizima kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikaongeza katazo la kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, mwaka ule ule ambao watu walikuwa na kiu ya kujua nini kinawaua ndugu zao. Mwaka 2022 zikalegezwa na ada ikashushwa. Nashukuru kwa kulegezwa. Blogu sikuifungua tena. Mkono ulishazoea kunyamaza, na hilo hakuna kanuni inayolirekebisha.

Niwe mkweli kuhusu mazuri, kwa sababu yapo. Februari 2022 Waziri Nape Nnauye aliyafungulia magazeti manne: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Juni 2023 Bunge liliirekebisha sheria ya 2016. Kashfa ikaacha kuwa jinai, ikabaki madai ya fidia kati ya mtu na mtu. Soma hiyo kwa makini: kosa alilotiwa nalo hatiani Nyerere mwaka 1958 limeondoka kwenye vitabu vyetu mwaka 2023. Miaka 65. Adhabu nyingine nazo zilipunguzwa. Nilifurahi, na nililia kidogo kwa ajili ya yule mhariri wangu, ambaye hakuwahi kuiona siku ile.

Kisha nikapekua. Leseni ya kila mwaka ipo. Mkurugenzi yupo. Mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema Machi 2019 kwamba vifungu vingi vya sheria hii, kikiwemo cha 59, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka mmoja kabla ilishasema hivyo hivyo kuhusu kufungiwa kwa Mseto. Marekebisho yaligusa urefu wa fimbo. Mkono unaoishika hayakuugusa.

Na mkono ukaonekana. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa. Septemba 2025 JamiiForums wakasimamishiwa leseni siku 90, na siku 90 kutoka Septemba zinavuka siku ya kupiga kura. Oktoba 29, siku yenyewe ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Sheria ile ile iliyosifiwa kwa ulaini wake miaka miwili nyuma ilikuwepo vitabuni siku hiyo, na haikumzuia yeyote.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Maneno yanaua. Mwaka 1994 redio ya RTLM iliwataja Watutsi kwa majina na mahali walipojificha, watu wakaenda na mapanga. Anayesema uhuru wa habari hauna mpaka aende Kigali. Lakini wenye redio ile na mwenye gazeti la Kangura walihukumiwa wapi? Hapa kwetu, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilisikiliza mashahidi na kanda za matangazo, washtakiwa wakawa na mawakili wao, na Desemba 2003 majaji wakatoa hukumu. Hakuna aliyesema "nimeona". Walionyeshana ushahidi. Kama neno baya kuliko yote lililowahi kurushwa hewani katika ukanda huu liliweza kupimwa mbele ya jaji, sioni ni katuni gani ya Dar es Salaam isiyoweza.

Kuna dharura, sawa. Jaji naye anaweza kuamshwa usiku. Ninachotaka kiandikwe, na sasa kinaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, ni kifupi: gazeti, redio au tovuti haitazuiwa ila kwa amri ya mahakama, anayeiomba ndiye alete ushahidi, mhariri asikilizwe ndani ya saa 48, amri ikikosa ushahidi ife yenyewe. Na usajili uwe wa mara moja, kama wa kitabu cha ndoa. Hata faini wakiiacha pale ilipo, mimi nitachukua.

Ile nakala ya 1976 ninayo. Familia ya mzee walinipa baada ya msiba, ikiwa bado imekunjwa ukurasa wake. Nimechomeka ndani yake kifungu cha 59, nimekipigia mstari kwa wino ule ule mwekundu aliokuwa anautumia, na nafasi ya pembeni nimeiacha wazi.