Nilikwenda Ujiji kumliwaza mzee, nikaishia kuposa

Rafiki yangu mwenye bodaboda (tumwite Mdomo, anajijua) ameshaitangaza habari hii hapa Kigoma kuanzia soko la Mwanga mpaka mwalo wa Kibirizi, na kila akiisimulia anaongeza chumvi. Kwa hiyo naomba niiseme mwenyewe. Sikuposa. Yaani, sikuposa kwa makusudi.

Habari za kikundi chetu mnazijua, nimeshawachosha nazo. Tunapangiwa wazee wanaoishi peke yao, kila kijana na mzee wake, unakwenda mara moja kwa wiki unapiga naye stori. Basi. Hatugawi hela, hatutibu mtu. Uingereza mwaka 2018 walimteua waziri kabisa wa kushughulikia upweke. Huku mwisho wa reli mna mimi na kilo mbili za sukari.

Jumamosi nikapangiwa mzee mpya wa Ujiji, baharia mstaafu. Maelekezo: "Nyumba yenye mwembe nje." Nyie wa Dar hamuoni tatizo hapo. Kumwelekeza mtu Ujiji kwa mwembe ni sawa na kumwelekeza Kibirizi kwa harufu ya dagaa. Stanley naye mwaka 1871 wanasema alimkuta Livingstone chini ya mwembe huko huko. Angepewa maelekezo yangu angemkuta fundi baiskeli. (Na Livingstone alikuwa na miaka 58 tu. Sera yetu ya wazee ya mwaka 2003 inaanzia 60. Kwetu asingepangiwa mtu.)

Mdomo akanishusha, akanyoosha kidole: "Ile pale." Nimevaa kanzu na kofia, maana semina ya kikundi ilisema tuvae kiheshima. Kwapani mfuko wa sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Mkononi bahasha nyeupe yenye barua ya utambulisho.

Wenye akili mmeshaanza kuelewa. Mimi nilikuwa bado.

Chini ya mwembe amekaa mzee peke yake kwenye mkeka. Kanzu imepigwa pasi, macho yako barabarani. Nikasema moyoni, maskini, kavaa vizuri hivi na hana hata wa kumwona.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Tulikuwa tunawangoja."

Semina ilitukataza kumwambia mtu waziwazi kwamba ni mpweke, kwa sababu inaumiza. Unazunguka kwanza. Basi nikazunguka.

"Mzee, nimetumwa na wenzangu. Tumekaa, tukaona hapa nyumbani kwako pana jambo, tukasema si vizuri kulipita kimya. Tungependa tuwe watu wa nyumba hii."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesikia lugha anayoijua.

"Maneno mazuri. Sasa mbona umekuja peke yako?"

"Leo peke yangu. Wenzangu watakuwa wanakuja kwa zamu."

Kichwa kikasimama. "Kwa zamu?"

"Ndiyo, mzee. Mimi nikiumwa anakuja mwingine. Hatumwachi mtu."

Hapo akakohoa, kikohozi cha kuita. Wakatoka wazee watatu wakakaa mkekani, na nyuma ya pazia la mlangoni nikasikia minong'ono ya akina mama, tena wengi. Mtauliza, hukushangaa mpweke ana watu wote hao? Nilishangaa! Ila semina ilisema mtu anaweza kuwa mpweke hata nyumba ikiwa imejaa. Nikajisemea, hii ndiyo ile hali yenyewe. Nikazidi kumhurumia.

"Barua mmekuja nayo?" akauliza mmoja, wakamwita Mjomba.

Nikaitoa kwa mikono miwili. Kule ndani mama mmoja akapiga kigelegele kifupi, akanyamazishwa.

Sasa jamani, hapa nitakwenda taratibu, kwa sababu kila nikifumba macho naanzia hapa.

Mjomba akaipokea bahasha. Akaipima uzito kiganjani. Ilikuwa nyepesi. Akawatazama wenzake, akaichana pembeni kwa ukucha, bila haraka, krrr. Akatoa karatasi, akaiweka gotini. Kisha akaigeuza bahasha mdomo chini, akaigonga kidoleni mara moja. Akaigonga mara ya pili. Ikaanguka risiti ya sukari.

Akaiokota. Akaisoma ile risiti yote, mpaka tarehe. Akampa wa pili, naye akaisoma, akampa wa tatu. Mzee mwenye nyumba alikuwa anautazama mwembe.

Mjomba akavaa miwani, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya msikitini:

"Yah: ombi la kumtembelea mhusika nyumbani. Tunaomba ruhusa kijana wetu awe anamtembelea mhusika mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi saa mbili."

Kimya. Kuku akapita katikati ya mkeka, akatoka.

"Huduma hii ni bure, na kijana haruhusiwi kutoa wala kupokea fedha yoyote."

"Bure?" ikauliza sauti nyuma ya pazia.

"Akihitaji, kijana atamchotea maji na kumkata kucha."

"Kucha za nani?" Pazia likaanza kutikisika.

Mimi bado natabasamu, natingisha kichwa kama fundi anayesifiwa kazi. Mjomba akashusha miwani puani, akanitazama, akaipandisha tena, akamalizia mstari ambao niliuandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikausifia:

"Endapo mhusika hataridhika na kijana huyu, atabadilishiwa mwingine mara moja."

Pazia likafunguka, akatoka bibi mmoja na upawa. Sitii chumvi, upawa ulikuwa bado na ubwabwa. "Mnambadilishia mjukuu wangu wanaume kila wiki, tena bure?"

Ndipo nikageuka. Getini wamesimama wazee wanne wenye makoti juu ya kanzu, mmoja amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Na nyuma yao Mdomo juu ya pikipiki, simu juu, anarekodi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilieleza, nikaeleza tena, bibi akacheka mpaka akakaa chini, wageni wakakaribishwa, posa ikapokelewa. Nilikula ubwabwa. Sukari haikurudi, na sikuiulizia.

Mzee wangu halisi? Nyumba ya tatu kutoka pale, mwembe mwingine. Alikuwa barazani muda wote na aliona kila kitu, akadhani ndiyo desturi mpya za mjini. Sikuwa na uso wa kumfuata siku ile, nikamwendea jana Jumatatu kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nimpe nafasi aongee, mimi nisikilize, kama tulivyofundishwa.

Nimefika nimekuta viatu vimejaa mlangoni. Barazani watu kama kumi, na babu yuko katikati amesimama, amejifunga shuka kiunoni kama kanzu, anaigonga bahasha ya hewani kidoleni. Mara moja. Mara ya pili. Watu hoi. Aliponiona hakukatisha. Akanionyesha kwa mkono niketi chini, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa, akaendelea: "Sasa hapo, jamani, ikaanguka risiti."