Ukifika Kanazawa, aiskrimu ya dhahabu iache kwanza

Kila nikiona mtu kaposti picha za Kanazawa najua kabla sijafungua itakuwa ipi. Mkono umeshika koni, aiskrimu nyeupe, juu imevalishwa karatasi ya dhahabu inameta kama jino la bandia, nyuma nyumba za mbao. Basi. Kalamba, kapiga picha, jioni yuko kwenye treni anarudi Tokyo. Sisemi kakosea, hata mimi nililamba, na nakwambia dhahabu haina ladha yoyote, ni aiskrimu ya kawaida ambayo kakaratasi kamekugandia mdomoni na bei imepanda. Ninachokataa ni mtu huyohuyo kuja kuniambia Kanazawa kaimaliza.

Kwa wasioijua, Kanazawa iko upande wa pili wa Japani, ule unaotazama Bahari ya Japani, mkoa wa Ishikawa. Toka Machi 2015 shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, inafika moja kwa moja kutoka Tokyo, masaa mawili na nusu hivi, na ndo hapo umati ulipoanza kumiminika. Vita vya pili vya dunia mji haukupigwa mabomu kama miji mingine, kwa hiyo mitaa ya zamani ipo mpaka leo. Watawala wake walikuwa ukoo wa Maeda, kuanzia 1583 Maeda Toshiie alipoingia kwenye ngome. Enzi hizo utajiri wa bwana ulipimwa kwa mchele, na hawa walikuwa na koku milioni moja, koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, piga hesabu mwenyewe. Sasa ukiwa tajiri kiasi hicho shoguni, yule mtawala wa kijeshi wa Japani nzima, anakuangalia kwa jicho la pembeni, akina Maeda wakaona bora hela iende kwenye bustani, chai, vyombo na vitambaa kuliko silaha, asije mtu akasema wanataka kupindua. Ndo maana mji umejaa mafundi. Na wewe unaenda mji wa mafundi unarudi hujamuona fundi hata mmoja, unakuwa umefanya nini kule?

Mimi niko Nagoya kwa masomo, nilienda mwisho wa Novemba kwa basi, masaa manne hivi, maana hela ya shinkansen ningeitoa wapi. Nimeshuka, mvua. Sio mvua ya kwetu Tanga inayokuja na vurugu zake halafu ikaondoka, hii inanyesha kidogo, inakata, jua linatoka dakika kumi, inarudi, mara vinadondoka vijibarafu. Wenyeji wana msemo wao, hata ukisahau bento usisahau mwavuli, bento ni kile chakula cha kubeba kwenye boksi. Mimi nilisahau vyote viwili. Mpaka stesheni yenyewe mbele wameijengea paa kubwa la vioo, wanasema ni kama wamemnyooshea mgeni mwavuli, ila lile paa huwezi kutembea nalo mjini, nikanunua mwavuli wa plastiki.

Nilikasirika na ile mvua mpaka nilipokaa na yule mama wa dhahabu.

Kuna karakana kadhaa mjini zinakuruhusu ubandike dhahabu mwenyewe, inachukua kama saa nzima, unachagua kijisanduku, sahani au vijiti vya kulia. Nikachagua vijiti. Mwalimu wetu mama mmoja mtu mzima, kavaa aproni, akafungua kijitabu cha karatasi na ndani yake kuna kipande cha dhahabu, sentimita kama 11 kwa 11, unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Huwezi kuishika kwa kidole, itakuishia kidoleni. Unatumia koleo la mianzi. Akainyanyua, ikakunjamana kidogo, akaipulizia katikati pumzi moja fupi, fu, ikanyooka yote kama shuka lililotandikwa na mtu wa hoteli. Zamu yangu. Nimeinyanyua vizuri kabisa, nikafurahi, nikasema "aah" kwa furaha, na ile pumzi ya "aah" tu ikaivingirisha karatasi yote ikawa kauzi. Mama akaweka kidole mdomoni kwake kisha akaninyooshea mimi, akacheka, akanipa nyingine.

Yeye ndo aliyenieleza habari ya mvua, kwa Kijapani cha polepole na mikono mingi. Dhahabu inafuliwa ikiwa imewekwa katikati ya karatasi maalumu, moja juu ya moja, inagongwa na kugongwa. Hewa ikiwa kavu kunakuwa na umeme wa msuguano, ile hali ya sweta kukurusha vinywele, na dhahabu nyembamba hivyo inanata, inachanika, haishikiki. Kanazawa hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kumbe ile mvua niliyokuwa naitukana ndo mtaji wa mji! Karibu karatasi yote ya dhahabu ya Japani inatengenezwa hapo, hata Kinkakuji, lile hekalu la dhahabu la Kyoto ambalo kila mtu anakimbilia kulipiga picha, lilipokarabatiwa miaka ya 1980 dhahabu ilitoka Kanazawa. Na kuna kipindi shoguni alipiga marufuku kufua dhahabu nje ya Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto, mafundi wa Kanazawa wakaendelea kimyakimya, kwa kujificha. Hao ndo watu unaowaruka kwa ajili ya koni.

Halafu zile karatasi za kufulia zikishagongwa sana zinakuwa laini na zinanyonya mafuta vibaya mno, geisha, wale wanawake wasanii wa kuburudisha wageni, walikuwa wanafutia uso bila kuharibu poda. Siku hizi maduka yanauza pakiti ndogondogo za karatasi za kufuta mafuta usoni, bei nafuu, nyepesi, kwa zawadi ya dada zako hakuna kitu bora.

Bustani ya Kenrokuen utaambiwa na kila mtu, ni moja ya bustani tatu zinazosifiwa kuliko zote Japani, na nilipoenda kiingilio kilikuwa yen 320. Wengi hawasemi kwamba alfajiri unaingia bure. Wanafungua geti mapema kabla ya muda wa tiketi, majira ya baridi ni saa 12 asubuhi, sharti utoke robo saa kabla ya kufungua rasmi saa 2. Nilikuwa humo na wazee kama sita wanafanya matembezi yao, kila mmoja ananiinamia kichwa na mimi namwinamia, asubuhi nzima nainama. Nikatoka, nikala mkate nje, nikarudi nikalipa tiketi, maana nilitaka kuwaona watunza bustani.

Kazi yenyewe inaitwa yukitsuri. Theluji ya kule haiko kama unga, inatoka baharini, imelowa, nzito, inavunja matawi. Kwa hiyo kila mwaka kuanzia tarehe 1 Novemba wanasimamisha nguzo ndefu katikati ya msonobari, wanateremsha kamba kutoka juu ya nguzo kwenda kila tawi, mti unabaki kama umevaa hema la kamba. Msonobari mmoja tu unaoitwa Karasaki unapewa nguzo tano na kamba karibu 800. Niliwakuta kwenye mti mdogo, mmoja yuko juu ya nguzo anarusha kamba chini, wa chini anadaka, anafunga tawi, anavuta kidogo kwa vidole viwili kupima kama imekaza, anaita mwenzake, nyingine. Hakuna haraka. Nimesimama pale na mwavuli wangu dakika arobaini, watalii wanapita nyuma wanaulizana ile taa ya mawe yenye miguu miwili iko wapi, ni taa maarufu ndio, na ilikuwa na foleni ya watu wa selfi.

Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za geisha uliopangwa mwaka 1820, ndo wenye ile picha ya koni. Nenda kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya maduka kufungwa, taa zikiwaka na barabara imelowa, utaelewa. Mchana ni kubanana mabega tu. Ila ingia nyumba ya Shima, ni ya 1820 hiyohiyo, ukaone vyumba vya juu walipokuwa wanapokea wageni kwa ngoma na shamisen, kile kinanda chao cha nyuzi tatu. Na hapa nitoe ushauri ambao sijauona kokote: soksi. Kila nyumba ya zamani unavua viatu. Ya kwangu ya kulia ilikuwa imetoboka kidole gumba, nikatembea nyumba nzima kidole nimekikunja kama kucha ya kuku, mpaka nyama ya mguu ikanikaza kwenye ngazi. Nunua soksi mpya kabla ya safari, nakuomba.

Kuna hekalu la Myoryuji, wanaliita hekalu la ninja ingawa halikuwa na ninja hata mmoja, lilijengwa 1643 na ndani kuna ngazi 29, vyumba 23, milango ya siri na mashimo ya kumwangushia adui. Nje unaona ghorofa mbili, ndani ni nne. Lazima uweke nafasi kabla, maelezo ni ya Kijapani na mgeni anapewa kitabu cha kusoma, picha hairuhusiwi. Nililipenda kwa sababu hiyohiyo, watu wote simu mfukoni, tunatazama ngazi kwa macho.

Kuhusu kula, soko la Omicho lina samaki mpaka unakumbuka Feri ya Dar, ila huku hakuna anayepiga kelele wala hakuna nzi. Novemba ni msimu wa kaa, wale wakubwa bei yake niliangalia nikaondoka taratibu. Bakuli la wali na samaki mbichi juu utapata, ghali kidogo, ila freshi. Kwa Waislamu wenzangu kuwa makini, mchuzi wao wa asili wa bata unaoitwa jibuni na vyakula vingi vya kuchemsha vinatiwa sake au mirin, sake ni pombe ya mchele na hiyo mirin ni pombe tamu ya kupikia, haionekani wala hainuki. Uliza. Samaki wa kuchoma kwa chumvi tu anakutosha.

Makumbusho ya sanaa ya kisasa yale ya mviringo ni mazuri, watu wanapenda lile bwawa unaloonekana uko chini ya maji, foleni ilinishinda nikaacha. Mimi naona bora uende makumbusho ya D.T. Suzuki, yule mwanafalsafa wa Zen, tawi la dini ya Buddha, aliyezaliwa Kanazawa mwaka 1870. Vitu vya kuangalia ni vichache sana, watu wengine wanatoka wamekasirika. Kuna bwawa pana la maji ya kina kifupi, limetulia kama kioo, kila baada ya dakika kadhaa linatoa wimbi moja, pluk, linasambaa mpaka ukutani linaisha. Siku yangu mvua ilikuwa inanyesha juu yake, ule utulivu wa kioo haukuwepo kabisa, na nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa sehemu yoyote ya ndani.

Lala usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Gesti zipo za bei ya mwanafunzi, na kutoka stesheni mpaka Omicho ni robo saa kwa miguu, bustani na ngome viko mbele kidogo, basi la mjini unaweza usilipande kabisa.

Siku ya kuondoka niliona vikombe vya Kutani, vyombo vya kauri vya mkoa uleule, kijani na njano na zambarau nzito, nikavishika, nikageuza chini nikaona bei, nikavirudisha kwa heshima zote. Nikajisemea si nina vijiti vyangu vya dhahabu nilivyovitengeneza kwa mkono wangu, zawadi gani tena ya kumpa mama yangu ikaishinda hii.

Nilipoenda likizo Tanga nikampa kwenye boksi lake. Mama akavitoa, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye dhahabu, akaniuliza swali moja tu, hii ni gramu ngapi? Nikamwambia ukweli, mama, karatasi nzima haifiki hata gramu 0.03, na mimi nyingine ilinikunjamania. Akavirudisha kwenye boksi, akafunga kifuniko.

"Sasa mwanangu, si bora ungeniletea vikombe."