Huku mgema hapandi mti

Baba yangu alikuwa mgema wa tembo la mnazi huko Kaloleni, pwani ya Kenya. Kila alfajiri na kila jioni alifunga kotama, kisu cha kugemea, kiunoni, akaning'iniza kibuyu begani, akapanda kwa vidato alivyovichonga mwenyewe kwenye shina. Alipanda mnazi baada ya mnazi, zaidi ya kumi, kabla jua halijapanda. Mimi ni bintiye wa tatu, na kotama ile sikuwahi kuishika. Kwetu haikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamke alisubiri chini, akapokea, akachuja, akauza.

Sasa naishi Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, na kuanzia Januari hadi Aprili kazi yangu ni kugema. Sina neno jingine la kuiita. Tofauti ni kwamba hapa sijawahi kupanda hata futi moja.

Mti wenyewe ni mepo, kwa Kiingereza maple, ule ambao majani yake huwa mekundu na ya rangi ya chungwa kabla ya baridi. Wenyeji wa asili wa nchi hii, Waabenaki na jirani zao, walikuwa wakiutoboa na kupika sukari yake kabla Wazungu hawajafika. Kinachotoka nakiita maji, si utomvu, kwa sababu hakinati. Ukikinga kiganja ukaonja, utadhani ni maji ya kisima yaliyopitishwa kwenye kikombe kilichokuwa na chai. Sukari yake ni takriban asilimia 2 tu. Ili kupata lita 1 ya shira yake unachemsha kama lita 40 za maji hayo. Naomba mzikumbuke hizo lita 40, nitazirudia.

Mwaka huu familia inayoniajiri ilifungua upande mpya wa mlima, na mimi nilikuwa katika watu wanne wa kutandaza mipira ya kupitishia maji hayo. Nataka niwaeleze kazi yenyewe, maana watu wa nyumbani nikiwaambia nafanya kazi msituni wananipa pole.

Kwanza unatembea. Theluji iko magotini, umevaa viatu vipana vya kukanyagia theluji, na unatafuta njia ya maji kutoka juu ya mlima hadi kwenye tangi bondeni. Mkononi una kipimo cha mwinamo, kwa sababu bomba kuu lazima lishuke angalau mita 2 kwa kila mita 100. Pasipo mwinamo maji yatalala, usiku yataganda na kuziba njia, mchana yatapata joto na kuharibika. Ukishajua njia, unavuta waya mgumu wa chuma kutoka mti hadi mti, unaukaza mpaka ukiugonga unalia, kisha bomba la plastiki linafungwa juu yake kwa vipande vya waya kila baada ya hatua moja au chini yake. Siku nzima ukifunga, mikono inakaa kama si yako.

Baada ya hapo inakuja mipira myembamba, ya milimita 8. Hapa ndipo nilipopenda kazi hii. Unaanza na mti wa juu kabisa, unashuka. Mpira unapita kulia kwa mti huu, kushoto kwa ule unaofuata, kulia tena, na ukiuvuta kwa nguvu unajishika wenyewe bila msumari hata mmoja. Mzee wa familia ile aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba kila mpira mmoja ubebe miti mitano, na isizidi kumi; wana hata msemo wenye vina wa kukumbushana jambo hilo. Kwenye miteremko mikali wanatumia mpira mwembamba zaidi, wa milimita 5, na hapo wanaruhusu miti mingi zaidi, kwa sababu maji yakijaa ndani yake uzito wake unavuta yaliyo nyuma. Mlima wenyewe unakuwa pampu. Tim Wilmot wa Chuo Kikuu cha Vermont ni miongoni mwa waliolichunguza jambo hili kwa miaka na kulifundisha kwa wakulima.

Kuunganisha mpira kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni shughuli. Plastiki inakuwa ngumu kama mfupa. Tunabeba chupa za chai zenye maji moto, tunachovya ncha, tunazibana kwa koleo la mikono miwili, tunasukuma kiungio kabla hazijapoa. Huwezi kufanya hivyo na glovu nene. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi hunishika vidole na kuvipulizia, nami nampulizia vyake.

Mwishoni mwa Februari tunatoboa. Drili, tundu la kina cha sentimita 4, kwenye mti ambao kipenyo chake si chini ya sentimita 25, mbali na kovu la mwaka jana, kwa sababu mti ukishajeruhiwa unafunga sehemu ile na haitoi tena. Tunapachika mlizamu, kibomba kidogo cha plastiki cha kutolea maji, kwa nyundo nyepesi, na mlio ukibadilika unaacha. Kisha tunangoja usiku wa barafu ufuatwe na mchana wa jua. Siku hiyo ikija, pampu ya kufyonza inawashwa kule bondeni, na ukisimama kimya utaona viputo vikikimbia ndani ya mpira. Kuanzia hapo kazi ni kutembea na kusikiliza. Panapovuja pana sauti ya kuvuta pumzi. Mara nyingi ni kindi ametafuna.

Yote haya yanafanyika usawa wa kifua changu.

Siku ya kwanza ya kutoboa nilipachika mlizamu wangu, tone la kwanza likashuka, nikakaa chini kwenye theluji nikalia. Yule mama wa Uvira alidhani nimejitoboa. Nikamwambia, baba yangu alianguka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, «Dada, na kwetu watu wanaangukaka kwa mingazi.» Mingazi kwao ni michikichi. Hatukuongea tena mpaka saa ya chakula.

Ilikuwa 2003, baada ya mvua, kidato kikateleza. Aliishi miaka 11 baada ya siku ile, kwa fimbo, kiuno hakikurudi. Mwenye minazi alileta unga na pole. Hapakuwa na daftari lililoandika kwamba mgema ameanguka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyehesabu wagema. Mwaka uleule kaka yangu akiwa na miaka 16 alichukua kotama.

Ninachosema ni hiki, na nakisema kwa moyo wote: pwani tumeuzoea mwanguko wa mgema kama tulivyozoea mwanguko wa nazi. Tunamjua kwa methali tu, akisifiwa tembo hulitia maji, kana kwamba sifa ndiyo iliyomzidi. Nani alimsifu baba yangu? Huku mgema anasifiwa, na anapimwa pia. Sheria ya Vermont inataka shira ya mepo iwe na sukari isiyopungua asilimia 66.9, na mzee wetu anachovya kipimo kwenye kila pipa. Chuo kikuu kina kituo cha utafiti wa mti huu mmoja kule Underhill, tangu miaka ya 1940. Mipira ya plastiki ilianza kuingia misituni mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo walibeba ndoo, mti kwa mti, wakizama kwenye theluji. Mtu aliichoka ile ndoo, akatafuta njia nyingine, na waliomzunguka hawakumwambia kwamba mababu walibeba.

Na sasa zile lita 40. Maji ya karara la mnazi, lile chipukizi la maua analolikata mgema, yana sukari takriban asilimia 15. Kwa shira lita 1 unahitaji kama lita sita. Bibi yangu alijua, ingawa hakuwahi kupima: tembo tamu la asubuhi, kabla halijachacha, alilitia kwenye sufuria, akalichemsha polepole mpaka likawa asali ya tembo, nyeusi na nzito, tukala na muhogo. Watu hawa wanachemsha maji yenye utamu wa kudokolewa tu, wanachoma kuni usiku kucha, na jimbo lao dogo linatoa zaidi ya galoni milioni 2 za shira kwa mwaka. Sisi tuna mti unaotoa mwaka mzima, wenye utamu mara saba, na jambo kubwa tunalolijua juu yake ni msako wa askari kwenye mangwe, vilabu vya tembo.

Silidharau tembo. Mimi ni Mgiriama, na posa ya kwetu haizungumzwi bila tembo. Matanga pia. Lakini mgema anayeuza tembo peke yake yuko mkononi mwa saa: jua likipanda linachacha, kesho halinunuliki. Ndiyo maana hana nguvu ya kubishana bei na mtu. Shira inakaa kabatini mwaka mzima.

Najua mpira hautafanya kazi kwenye mnazi. Maji ya mepo yanasukumwa na baridi na joto yakipokezana. Karara linataka likatwe upya asubuhi na jioni, na kwenye joto letu mpira ungechachusha kila kitu kabla hakijafika chini. Lakini Sri Lanka, kule Kalutara, wagema wamefunga kamba za kumbi kutoka kilele cha mnazi hadi kilele cha pili, wanatembea juu, wanapanda mara moja badala ya mara kumi. Ipo minazi mifupi ambayo karara lake unalifikia kwa ngazi ndogo kwa miaka mingi. Ipo chokaa, ambayo pwani tumeichoma tangu zama za kujenga misikiti ya mawe, na ukipaka kidogo ndani ya chombo tembo linachelewa kuchacha. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji Mmarekani.

Na wala sitaki mtu adhani nimehongwa na theluji. Msitu ule una vibao vya kuzuia watu kupita. Maji yanaingia kwenye mpira, yanafika tangini, na hakuna mpita njia aliyeonja. Kwetu baba akishuka, mzee wa jirani alikuwa ameshafika na kata yake ya kunywea, wanasalimiana, wanaulizana habari za usiku, anapewa ya kwanza bila malipo. Huku saa kumi ikifika kila mtu anaingia kwenye gari lake. Aprili matumba yakichipua maji yanapata ladha mbaya, tunang'oa milizamu, tunaosha mipira, na mimi narudi kufagia ofisi za watu mpaka Januari nyingine. Hilo la kata sijaona kitu huku kinacholifidia, na nikirudi sitaki lipotee.

Jumapili iliyopita nilimpigia kaka. Bado anapanda, ana miaka inayomtosha kuwa chini. Nikamwomba atenge lita saba za asubuhi, apake chokaa chomboni, achemshe kama bibi alivyochemsha, na apime kilichobaki. Akauliza nani atanunua. Nikamwambia chupa tatu za mwanzo nimenunua mimi, na pesa za ngazi nimeshatuma. Alikaa kimya, nikasikia kuku wa nyumbani kwenye simu. Kisha akasema sawa, dada, kesho alfajiri. Nimemsihi aanze na ule mfupi wa kando ya kisima.