Utepe wa Mheshimiwa

Mtaa wetu una jina, jina lina kibao, na kibao kina nguzo ya chuma iliyochimbiwa kwa zege. Nyumba ninayopanga ina namba mlangoni tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Msimbo wa posta tunao. Yaani ukiwa na barua yangu, popote ulipo duniani, napatikana. Kasoro moja tu: ile nguzo imesimama katikati ya maji. Kijana wa bodaboda akiniletea mzigo anafika vizuri kabisa mpaka usawa wa kibao, halafu ananipigia simu: "Mzee, nimefika, nakuona. Ila wewe uko ng'ambo."

Ng'ambo! Fundi cherehani wa Dar es Salaam hii hii, naishi ng'ambo bila pasipoti.

Hilo dimbwi msilichukulie poa. Lilianza kashimo ka kutosha ndoo, nikiwa bado na nywele. Leo mwanangu wa mwisho yuko kidato cha pili na dimbwi limemzidi umri. Masika linafika mlangoni kwa Mama Zubeda, kiangazi linarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeaga lakini hajaondoka. Lina mabata, lina vyura, na mwaka juzi kijana mmoja alitega ndoano. Hakupata kitu, lakini alikaa pale saa tatu na hakuna aliyemshangaa.

Halafu ninachoshangaa mimi ni kwamba mji huu unapenda sana kuvunja vitu. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za miji, ikazirudisha 1978 baada ya kuona huduma zimedorora. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji chini ya mzee Keenja mpaka 2000. Februari 2021 ikavunjwa tena, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, na wengine wakabaki na manispaa zao. Kwa hiyo sasa Dar es Salaam ni moja, mameya watano. Mwaka 2017 zikavunjwa nyumba za watu Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mbele, kupisha upanuzi. Mwaka 2021 huo huo vibanda vya machinga vikaondolewa, na changu kikiwemo, ndiyo maana siku hizi nashonea barazani. Baraza la madiwani limevunjwa, vibanda vimevunjwa, nyumba zimevunjwa. Dimbwi halijawahi kuguswa. Nadhani ndiyo taasisi pekee ya mji huu yenye uhakika wa kazi.

Zama za ile Tume nazikumbuka. Ndipo kazi ya kuzoa taka ilipogawiwa kampuni binafsi na vikundi vya mitaani, nasi tukaanza kulipia takataka zetu wenyewe. Marehemu baba mkwe wangu alikasirika sana. Alisema, "Nilinunua ndizi, nikala ndizi, leo nalipia na maganda?" Lakini gari lilikuwa linakuja, hilo lazima niseme. Watu walimnung'unikia mzee Keenja kwa kuvunja vibanda, wakamsifu kwa usafi, na mwaka 2000 hao hao wakampa ubunge wa Ubungo. Sisi binadamu ndivyo tulivyo, tunataka jiji safi ila kibanda changu mimi kiachwe.

Siku hizi mkusanya ada ya taka anakuja tarehe haijapinduka, amevaa kizibao, ana kimashine, anakutolea risiti kabla hujamaliza kusalimia. Gari lenyewe la taka, hilo ni kama mwezi wa Idi: kuna wanaosema wameliona Temeke, kuna wanaosema bado. Na kodi ya jengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme. Mimi mpangaji. Nikinunua LUKU ya kuwashia balbu moja na pasi, nalipia kodi ya jengo la mwenye nyumba, ambaye mara ya mwisho kumwona alikuja kupandisha kodi.

Sasa twende kwa Mheshimiwa diwani wetu. Nisimvunjie heshima. Msibani haachi, harusini anatunza, na akikukuta njiani anakuita "mzee wangu" hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Tatizo lake ni moja: ana kipaji kidogo mno ukilinganisha na kazi. Meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mkubwa. Neno diwani lina maana mbili, mkusanyo wa mashairi na mwakilishi wa kata, na mzee yule alizitendea haki zote mbili. Wetu huyu amebakiwa na kibwagizo tu: "Mchakato unaendelea." Umuulize mtaro, mchakato unaendelea. Umuulize taa, mchakato unaendelea. Siku ya maulidi mtu alimuuliza pilau imeiva, akajibu hivyo hivyo kwa mazoea.

Alikuja ziara mwaka jana, kavaa mabuti ya mvua mapya, stika ya dukani ingali kwenye kisigino. Akasimama ukingoni, tukamzunguka. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hili dimbwi ni la nani?"

Akasema, "Mzee wangu, tuelewane kitaalamu. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala, si sisi. Maji yaliyomo, hayo ni ya mamlaka ya maji. Taka zinazoelea juu, hizo ndizo zetu halmashauri."

"Na vyura?"

Akawaza. "Vyura ni maliasili."

Tukapiga makofi. Sijui kwa nini tulipiga makofi. Nadhani ni joto.

Akaeleza kwamba kwanza utafanyika upembuzi yakinifu. Mama Zubeda akauliza huo upembuzi unapembua nini, maana yeye anapembua mchele na akimaliza anapika. Akaambiwa wataalamu watakuja kupima kina. Mama Zubeda akasema kina si ya kumsubiri mtaalamu, ni magotini wakati wa kiangazi na kiunoni wakati wa masika, aandike. Hakuandika.

Na msinielewe vibaya, kazi ya kuendesha mji huu si ya kumtakia hata adui. Sensa ya 2012 tulikuwa watu milioni 4.3. Ya 2022 tukakutwa zaidi ya milioni 5.3. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja kaja na godoro, jiko la mkaa na shemeji. Wote wanataka kwenda haja, wote wanatupa maganda. Mtaro wetu ulikuwepo zamani. Jirani mmoja akajenga choo juu yake, mwingine akapandisha ukuta, mwingine akajaza kifusi apate pa kuegeshea bajaji. Na mimi sijasema mabaki ya vitambaa vyangu yanaishia wapi jioni nikifagia. Tuendelee.

Ninachomlaumu Mheshimiwa ni vipaumbele. Wakubwa wake wameshaweka madaraja ya juu, Tazara 2018, Ubungo 2021, na mwaka 2022 likafunguliwa la Tanzanite linalopita juu ya bahari kabisa. Magari yanavuka bahari! Mimi nina mita nane za maji machafu na navuka kwa tairi bovu na tofali mbili. Nilidhani na yeye atapata wivu wa maendeleo. Wivu aliupata, lakini wa utepe. Aliona wakubwa wanakata utepe, akaamua naye kazi yake ni hiyo.

Nalijua hili kuliko mtu yeyote kwenye kata, kwa sababu utepe wote nashona mimi. Mhula huu peke yake nimeshona kumi na moja. Ule wa ofisi. Ule wa matundu manne ya choo cha soko. Ule wa taa ya barabarani. Ule wa taa ile ile baada ya kubadilishwa balbu. Mmoja alikata kuzindua kikao. Kikao! Watu wanaingia kikaoni, mlangoni kuna utepe. Nami kila mara naambiwa satini, mita sita, pindo mbili, na fundo la katikati lisiwe gumu, maana kwenye uzinduzi wa kisima mkasi uligoma na mgeni rasmi akamalizia kwa meno.

Fedha zangu? Kumi na moja zote nadai. Utepe wa kwanza niliambiwa nilete ankara. Nikaleta. Nikaambiwa namba ya mlipakodi. Nikaenda nikaipata. Nikaambiwa risiti ya mashine, na mimi mashine yangu pekee ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Baadaye nikaambiwa malipo yako kwenye mfumo. Nikauliza mfumo uko wapi niufuate. Binti wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, leo mfumo hausomi." Mke wangu, Mama Rehema, akisikia hivyo anauliza kama mimi mwenyewe nasoma, maana mtu anayesoma asingeshona wa kumi na mbili.

Nimeshona wa kumi na mbili. Wiki iliyopita. Walitaka mita kumi, rangi nyekundu, wa haraka, usiku huo huo. Asubuhi simu ikaja: uzinduzi umeahirishwa, mgeni rasmi ana udhuru, tutakujulisha. Nikabaki na mita kumi za satini kwenye mapaja.

Jioni yake mvua ikanyesha, ile ya kumwaga. Dimbwi likapanda mpaka kwenye ngazi yangu. Mjukuu wa Mama Zubeda, mtoto wa miaka minne, akatoka kukimbiza bata na akazama mpaka kifuani, tukamtoa kwa ufagio. Umeme umekatika, giza, huoni nchi kavu inaishia wapi. Nikafikiri, watu watatumbukia usiku huu. Nikautoa ule utepe, nikafunga upande mmoja kwenye nguzo ya kibao, nikauvuta mpaka kwenye nguzo ya baraza langu, nikazungusha kwenye mti wa mwarobaini. Ukang'aa hata gizani. Nikaenda kulala.

Saa mbili asubuhi nimekaa kwenye cherehani naingiza zipu, gari la Mheshimiwa likapita kule barabara ya juu. Likapita, likasimama, likarudi kinyumenyume. Akateremka mbio, anafunga kifungo cha koti, dereva nyuma yake anahangaika na kamera ya simu. Akauangalia utepe, akaangalia dimbwi, akaniangalia mimi. Akatabasamu lile tabasamu la kwenye mabango. Akasimama vizuri katikati, akanyoosha mkono.

"Fundi, mkasi uko wapi?"

Nikampa ule wa kukatia jinzi.