Soksi Iliyokatwa Vidole

Leo asubuhi kijana wa bodaboda kakaa kwenye kiti changu, namfunga shuka shingoni, badala ya kutazama kioo anatazama chini. Nilikuwa nimekunja suruali kwa joto. Mnalijua joto la Ngamiani mwezi wa pili, silisimulii.

"Fundi," ananiambia, "hiyo miguu umechora mwenyewe au umechorwa?"

Nikanyamaza. Mtu mwenye wembe mkononi hajibu maswali ya namna hiyo.

Lakini tuseme ukweli. Mjerumani alianza kutandika reli yake hapa Tanga 1893, akafika Moshi 1911. Ya kwangu ni ya mshipa uliotuna, ilianzia kwenye kifundo cha mguu, kauzi kembamba ka buluu, mke wangu akadhani wino wa kalamu. Sasa iko Korogwe, inapinda nyuma ya goti, na hapa kwenye shavu la mguu pana fundo kama stesheni kubwa, treni mbili zinapishana bila taabu. Tena Mjerumani mwenzangu alisafirisha mkonge. Mie nasafirisha mwasho, na ikifika alasiri kila mguu una mfuko wake wa saruji.

Haya, nikaenda hospitali. Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye foleni, benchi limejaa wenye bahati zao, nikasimama mpaka saa tano. Saa tano ndipo nikaingia kwa dokta, kijana mpole, mwenye adabu zake, akaitazama ile reli, akaniuliza kazi yangu, kisha akanipa ushauri.

"Mzee wangu, punguza kusimama."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia dokta, mie kinyozi. Akasema basi uwe unakaa mara kwa mara. Nikikaa ananyoa nani? Nikivuta stuli tu mteja anasema fundi leo mgonjwa, atanikata sikio, anavuka barabara kwenda kwenye ile saluni ya vioo ambako binti anamkanda uso kwa taulo la moto. Mie sina binti wa kukanda uso. Nina mkasi, mashine mbili, moja ina shoti, na picha ya mitindo ya nywele niliyoirithi kwa mjomba, ya enzi Coastal Union walipochukua ubingwa, 1988.

Lakini alinieleza vizuri, sitamsingizia. Kasema damu kushuka miguuni haina kazi, kazi iko kupanda. Kinachoipandisha ni hili shavu la mguu, ndiyo pampu yenyewe: ukitembea linaminya, damu inakwenda juu. Na ndani ya mshipa mna vilango vidogo vinavyofunguka kwa juu tu, damu ikishapita visiiruhusu kurudi. Vyangu vimelegea. Mabawabu wamelala, damu inapanda hatua mbili, inarudi moja na nusu, inatuama, mshipa unatanuka. Kasema inawapata sana wasimamaji na kina mama waliozaa, na ukoo nao una mkono wake. Hapo nikamkumbuka marehemu mama, alikuwa nayo miguu yote miwili. Kumbe ndio urithi wangu. Kaka yangu alipata shamba la Pongwe.

Kipimo sitaki kukisimulia, nilipakwa kitu baridi kama uji wa jana. Tiba zipo: kuna kuuchoma mshipa kwa leza, kuna sindano ya dawa ya kuufunga, kuna kisu. Nikauliza bei, nikavaa viatu. Bima? Mie mwajiri wangu mkasi.

Nyumbani nikamwambia mke wangu dokta kasema nina verikosi, ndilo jina la mishipa hii iliyotuna. Akaniuliza Vero gani. Mpaka magharibi mtaa mzima unajua nina mwanamke anaitwa Veronika na hospitali wamethibitisha. Mama mkwe yeye akasema si Vero wala nani, nimekanyaga kitu. Jamaa wa hijama, yule wa kuumika damu, akautazama mguu, akafunga mkoba wake, akasema hapo hagusi. Huyo namheshimu mpaka leo.

Basi ikabaki soksi.

Dokta aliandika soksi za kubana, daraja la pili. Mie nikasema soksi tu, si nitanunua za mtumba pale sokoni. Mwenye duka la dawa akaniletea kiboksi, akataja bei, nikamuuliza hiyo ni jozi au ni pamoja na mbuzi. Nikanunua. Kufika nyumbani nafungua, soksi haina vidole! Imekatwa mbele, kama imeliwa na panya. Nikarudi mbio, yaani mbio za mtu mwenye mifuko miwili ya saruji, nikaitupa kaunta nikasema binti, hii imetoboka. Akaitazama, akanitazama. "Baba, ndivyo ilivyo." Watu wanne nyuma yangu wakakohoa.

Sasa kuivaa. Karatasi inasema ivae asubuhi, kabla hujashuka kitandani, mguu haujavimba bado. Mwandishi wa karatasi hiyo hajaamshwa na adhana ya alfajiri. Nimeshuka, nimetawadha, nimeswali, nikarudi kitandani nikajilaza kama ndio naamka, ili tusimuudhi mwandishi. Mke wangu akaanza kuvuta. Soksi ikafika nyayoni ikagoma. Nguo hiyo mikononi ni kama mpira wa manati. Tukapaka poda. Akavaa glavu za kuoshea vyombo. Akaweka goti moja juu ya tumbo langu, akavuta huku ananiuliza, "Na Vero naye anakuvalisha hivi?" Soksi ikamponyoka, ikarudi, ikanichapa ugoko chwa! Nikapiga kelele. Jirani yetu muuza mkaa akadhani kuna ugomvi, akaingia bila hodi, kutazama akasema niachieni mie.

Huyu bwana anabeba magunia. Kashika soksi kwa mikono miwili, kakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akahesabu, moja, mbili. Ya tatu sikuisikia. Nilitoka kitandani pamoja na shuka, nikaishika neti ya mbu nijiokoe, neti ikaja na msumari wake, tukalala wote sakafuni, mie, neti na muuza mkaa. Soksi ilikuwa imeingia, mpaka chini ya goti. Ila kisigino cha soksi kilikuwa mbele, juu ya wayo, na soksi nyeupe sasa ina vidole vitano vyeusi vya mkaa. Mke wangu akasema kwa upole, "Ivueni, muanze tena."

Tukaanza tena. Na nikiri: ikishakaa sawa, mguu unapata raha. Nilinyoa vichwa sita bila kuegemea ukuta. Nikaanza hata kuimba.

Kisha ikaadhiniwa adhuhuri.

Nimesimama bombani, ndoo imejaa, natazama mguu. Miguu lazima ioshwe mpaka vifundoni. Soksi imeingia kwa watu watatu na msumari. Nikamwita maalimu wa jirani, akaja na wazee wawili wa baraza, wakanizunguka. Mmoja akasema kuna ruhusa ya kupangusa juu ya khofu. Nikasema hofu ninayo tele, ya kodi. Akasema si hiyo, khofu ya ngozi, kiatu. Wa pili akasema khofu sharti ifunike wayo wote, hii vidole viko nje vinapunga upepo. Maalimu akasema mgonjwa ana hukumu zake. Wa pili akasema huyu si mgonjwa, huyu ana Veronika. Wakaenda kukaa kivulini kuendelea na mjadala, kahawa ikaagizwa, kwa jina langu.

Nami hapo ndipo nilipochoka, wallahi. Mara tano kwa siku, ndugu zangu! Kuvaa kwa msaada, kuvua kwa msaada. Vichwa vinangoja, mwenye fremu anataka miezi mitatu mbele, mtoto karudishwa shule hana rimu, na miguu ndiyo mtaji wangu wote, miaka 24 imenisimamisha haijawahi kuomba likizo, leo imeomba soksi tu, na soksi yenyewe inataka kikao cha wazee.

Dokta alisema kitu kingine, karibu nisahau. Kama kusimama hakukwepeki, nitembee jioni, au niendeshe baiskeli, ile pampu ya shavu la mguu ifanye kazi. Baiskeli! Tanga hii kila mtu ana baiskeli, nami ninayo, Phoenix nyeusi, kengele yake inasikika Makorora mpaka Mabawa. Shemeji aliiazima Ramadhani iliyopita aende nayo Mikanjuni mara moja tu. Mara moja. Juzi nimeiona na macho yangu mawili imebeba kreti za soda, anayeiendesha simjui, na kiti kimebadilishwa.

Shemeji, kiti kile kilikuwa cha ngozi. Na pampu uliyochukua siku ile nayo ni yangu, usijifanye umesahau.