Huyo si mtoto wa kiti cha pweza
Kuna mwandishi aliyesema ati huyu mnyama wa baharini wa mikono mitano myembamba, kwa Kiingereza brittle star, ni mtoto tu wa kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota; hapo amekosea kabisa. Mie nimekulia Nyali, Mombasa, bamvua maji yakitoka twapindua mawe mwambani twawakuta tele, kiti cha pweza hutambaa polepole lakini hawa wajipindapinda kama nyoka mara ashaingia ufani, na ukimshika mkono aukata akuachia ungali wachezacheza, yeye ataota mwengine. Ni jamaa lakini ukoo wao kando, aina zaidi ya 2,000 duniani, na wengi hula mabaki yanayotuama chini ya bahari. Jamani ukipindua jiwe lirudishe vile lilivyokuwa, jua lawaua. Nyinyi wa Shimoni mwawaitaje?