Si kila kigaga cha usoni ni mwanzo wa saratani
Makala moja niliyosoma inasema kigaga kisichopona usoni mwa mtu anayeshinda juani ni dalili ya awali ya saratani, kwa hiyo kichomwe mapema. Mara nyingi ni kweli, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, lakini si kila mara. Mama yangu mdogo, mkulima wa zabibu Hombolo, alikuwa na kigaga puani, kikachomwa mara mbili kwa kugandishwa kwa baridi kali. Kikarudi, kisha malengelenge yakatoka kifuani na mgongoni. Kipande cha ngozi kilipopimwa, kumbe ni ugonjwa wa pemfigasi: kinga ya mwili inashambulia kile kinachoshikanisha seli za ngozi. Malengelenge ya aina yake hupasuka upesi, unabaki kuona kigaga tu! Vidonge vya predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ndivyo vilivyomtuliza. Hapa Dodoma kuna mwingine aliyechomwa kabla ya kupimwa?